Samaki Mwenye Mdomo wa Mamba katika Ziwa Texoma: Kwa Nini Anaonekana Lakini Hanasi

"Mtaalamu, salaam. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma, na huu ni mwaka wangu wa nne kaskazini mwa Texas. Marehemu baba alikuwa mvuvi wa dagaa na migebuka, kwa hiyo uvuvi si jambo geni kwangu. Msimu wa joto ukifika huwachukua wanangu wawili, wa miaka 9 na 13, hadi Ziwa Texoma kila Jumamosi mchana, kwa boti ndogo ya alumini ya rafiki yangu. Tunawaona samaki warefu wenye mdomo kama wa mamba wakichomoza juu ya maji kila baada ya muda mfupi, karibu kabisa na boti, lakini hawanasi. Wakishika chambo hukimbia nacho, nami nikivuta, ndoana hurudi tupu au mshipi unakuwa umekatika. Ziwa limejaa boti za starehe na pikipiki za majini, na nadhani kelele ndizo zinazowafanya wasile. Wenzangu wananiambia kwamba samaki hao huuma watu, huwamaliza samaki wazuri, nyama yao ina sumu, na kwamba ukimpata umuue na kumtupa ufukweni. Je, niwavue vipi? Wanalika? Na ni salama watoto kuogelea mahali walipo?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo mengi kwa pamoja, lakini ukiyachambua utaona kwamba karibu yote yanatokana na viungo viwili vya mwili wa samaki huyu, yaani kibofu chake cha hewa na mdomo wake. Ukivielewa hivyo viwili, utajua kwa nini anachomoza mbele yako bila haya, kwa nini ndoana yako inarudi tupu, na kwa nini kelele za boti si sababu kubwa kama unavyodhani.

Kabla sijaendelea niseme neno kuhusu jina. Jina lake la Kiingereza, gar, likitamkwa kwa sauti ya Kiswahili na kumaliziwa kwa irabu kama ilivyo desturi yetu, lingekuwa "gari", nami sitaki msomaji adhani kwamba tunafundishana kuvua magari. Nitamwita gaa. Jina hilo halimkai vibaya, kwa sababu akinaswa hugaagaa kando ya boti hata mshipi ukamzunguka mwili mzima.

Gaa ni ukoo wa kale sana wa samaki, na spishi zake zilizo hai leo ni 7 tu, zote za Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kati na Kuba. Watu wa pwani wakiona picha yake humfananisha na chuchunge kwa sababu ya mdomo mrefu, lakini hawana undugu wa karibu. Wewe mtu wa Tanganyika unaye wa kumlinganisha naye vizuri zaidi. Magamba ya gaa ni vigae vigumu vya mfupa vilivyopakwa kitu kinachong'aa kama enameli ya jino, na katika ziwa la kwenu yumo samaki wa jenasi ya Polypterus, mrefu, mwenye safu ya vipezi vidogo mgongoni, ambaye magamba yake ni ya aina hiyohiyo. Kwa upande wa kupumua, mfano wako ni kamongo, ambaye wengine humwita kambare mamba.

Unakumbuka jinsi kamongo anavyopanda juu, akagusa uso wa maji kwa mdomo, kisha akazama. Gaa hufanya vivyo hivyo. Kibofu chake cha hewa kimeungana na koo, na ukuta wake umejaa mishipa ya damu, kwa hiyo kinafanya kazi ya pafu. Tofauti yao ni kwamba kamongo mkubwa hawezi kuishi bila kuvuta hewa, ilhali gaa anayo matamvua yanayomtosha maji yakiwa ya baridi, na huhitaji hewa ya juu zaidi na zaidi kadiri maji yanavyopata joto. Katikati ya kiangazi cha Texas, wakati maji ya kina kifupi yana joto kama ya kuogea na oksijeni iliyomo ni kidogo, sehemu kubwa ya oksijeni anayotumia inatoka hewani. Ndiyo sababu unawaona wakichomoza mara nyingi saa 8 mchana wa Julai, na ungekwenda Januari pengine usingemwona hata mmoja, ingawa wamo humohumo.

Sasa rudi kwenye Jumamosi zako. Samaki unayemwona akichomoza kando ya boti hajaja kula. Amekuja kuvuta pumzi, na lazima aje, boti ziwepo au zisiwepo. Wewe ukimtupia chambo mbele ya pua unamkuta katika dakika ambayo hana haja nacho. Umekulia katika uvuvi wa mgebuka, ambaye huwafukuza dagaa katika maji ya wazi, na samaki wa namna hiyo akionekana juu maana yake mara nyingi ni kwamba anakula. Gaa ni mwindaji wa kuvizia. Hulala kimya kama gogo karibu na majani, miti iliyozama au mdomo wa kijito, akangoja samaki mdogo apite ubavuni mwake. Kwa hiyo kuchomoza kwake kunakuambia jambo moja tu lenye manufaa, kwamba eneo hilo linao gaa. Weka alama, ondoka taratibu, urudi saa inayofaa.

Sisemi kwamba kelele hazina athari yoyote. Boti ikipita kwa kasi katika maji ya mita 1 huwatawanya samaki wote, gaa wakiwemo, na hutibua tope. Lakini katika ziwa lenye shughuli nyingi kama Texoma gaa hawakimbii moja kwa moja. Husogea, kisha hurudi. Kinachokukosesha samaki ni saa unayokwenda, mahali unapotia chambo, na zaidi ya yote mkono wako unaovuta mapema mno.

Hapo ndipo tunafika kwenye mdomo. Taya za gaa ni mfupa mtupu uliofunikwa na ngozi nyembamba, na ndani yake mmepangwa meno membamba kama sindano. Hamezi kwa kufyonza maji kama besi au sangara. Husogea ubavuni mwa windo, akapiga kichwa upande kwa ghafla, akalibana kwa kulikingamisha katikati ya mdomo, kisha akaondoka nalo polepole mbali na wenzake. Baada ya hapo husimama, akaligeuza mpaka kichwa cha windo kielekee kooni, ndipo akameza. Kazi hiyo yaweza kuchukua dakika nzima au zaidi. Wewe unavuta wakati anakimbia, yaani wakati chambo kimebanwa kwenye ncha ya mdomo na ndoana yako inakwaruza mfupa. Haina mahali pa kuingia. Na mshipi wa nailoni usio na waya mbele yake, ukisuguliwa na meno hayo au na magamba hayo wakati samaki anajiviringisha, hukatika hata kama una nguvu ya kutosha kuvuta boti.

Katika Texas mna aina 4 za gaa, na njia ya kuvua inategemea unayemlenga. Unaowaona kwa wingi katika maji ya wazi huenda ni gaa mdomo-mrefu, ambaye mdomo wake ni mwembamba kama mkasi uliofungwa. Wapo pia gaa madoa, mwenye madoa meusi mpaka kichwani, na gaa mdomo-mfupi, ambaye kichwa chake hakina madoa. Wa nne ndiye mfalme wao, gaa mamba, mwenye mdomo mpana na mfupi na safu mbili za meno makubwa katika taya la juu. Huyu ndiye anayefikia ukubwa wa kutisha. Mwaka 2011 katika Ziwa Chotard, Mississippi, alipatikana mmoja ndani ya wavu akiwa na uzito wa ratili 327, kama kilo 148, na urefu wa zaidi ya mita 2.5. Texoma yenyewe ilitoa mmoja wa zaidi ya ratili 250 mwaka 2015. Gaa mamba mchanga huwachanganya watu kwa sababu ana urefu sawa na gaa wengine; mtazame mgongoni, kwani akiwa mdogo huwa na mstari mweupe mweupe unaopita katikati ya mgongo tangu kichwani. Ukiwa na shaka hata kidogo, mhesabu kuwa gaa mamba na umrudishe majini, kwa sababu sheria zake ni kali kuliko za wengine, kama nitakavyoeleza.

Kwa gaa mamba, na kwa gaa yeyote mnene, njia ninayoipendelea ni chambo kilichokufa, ndoana iliyopinda kwa duara, na subira. Kata kipande cha karpi au cha shadi, samaki wa huku wa ukoo mpana mmoja na dagaa, chenye ukubwa wa kiganja cha mtoto, toa magamba upande ndoana inapotokea ili ncha ibaki wazi, funga waya wa chuma wenye urefu wa nusu mita au zaidi kati ya ndoana na mshipi, na tumia chelezo kubwa la rangi kali litakaloonekana mbali. Acha mshipi ukimbie bila kizuizi. Chelezo likianza kwenda, mwanao apige saa, wewe ukae na mikono yako magotini. Likisimama, ngoja. Likianza kwenda mara ya pili, kaza mshipi pole pole na uendelee kukaza. Usipige kwa nguvu, kwa sababu ndoana ya duara hujishika yenyewe pembeni mwa mdomo samaki anapogeuka, na ukiipiga ghafla unaing'oa. Wako wanaotumia ndoana kubwa ya matawi matatu na wanapata samaki wengi zaidi, sitakuficha hilo. Gharama yake ni kwamba samaki akipewa muda wa kumeza, matawi hayo hushika ndani ya koo au tumbo, na kumtoa salama ni vigumu. Mtu aliyekwisha amua kula anaweza kuitumia kwa moyo mweupe. Mtu anayetaka kumrudisha samaki anayeweza kuishi zaidi ya miaka 50, kwa maoni yangu, asiitumie.

Kwa gaa mdomo-mrefu ipo njia nyingine ambayo wanao wataifurahia, ya kuvua bila ndoana kabisa. Kipande cha kamba laini ya nailoni, kama cha shubiri moja, hufumuliwa mpaka kiwe kama mkia wa farasi, kikafungwa mwisho wa mshipi na kuvutwa juu juu ya maji. Gaa akikibana, nyuzi huingia katikati ya meno yake na hawezi kuziachia. Inafanya kazi vizuri sana, na ndiyo hatari yake pia. Ukimwacha aende na nyuzi zimemfunga mdomo, atakufa kwa njaa taratibu mahali usipomwona. Usitupe kamba hiyo majini kama huna koleo, glavu nene na dakika za kutosha za kutoa kila uzi, na kwanza muulize afisa wa wanyamapori wa upande uliko kama njia hiyo inakubaliwa hapo.

Kuhusu mahali, Texoma ni ziwa kubwa la kutengenezwa, mpakani mwa Texas na Oklahoma, lililotokana na Bwawa la Denison, ambalo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1944, na ziwa hilo lina mikono miwili, mmoja wa Mto Red kutoka magharibi na mwingine wa Mto Washita kutoka kaskazini-magharibi. Karibu na ukuta wa bwawa maji ni ya kina na angavu, na huko ndiko zinakojazana boti za wanaovua besi wenye milia, boti-nyumba na pikipiki za majini. Gaa wanapendelea zaidi pande za juu, kwenye maji ya kina kifupi yenye tope kidogo, midomo ya vijito na kingo zenye majani. Ghuba ya Big Mineral, ndani ya Hifadhi ya Hagerman, ni tulivu kuliko sehemu nyingi na unaweza kuvua kutoka nchi kavu, jambo ambalo kwa mtu mwenye watoto wawili na boti ndogo lina thamani. Hifadhi ina masharti yake kuhusu miezi ya boti na maeneo ya kuvulia, kwa hiyo pitia ofisini kwao kwanza.

Na usiende mchana wa Jumamosi. Nenda alfajiri, boti za starehe zikiwa bado zimefungwa gatini, ukae mpaka saa 4 asubuhi, kisha uwaachie ziwa. Ikiwa siku yako ya mapumziko ni Jumamosi pekee, shikilia alfajiri hiyo. Ukiweza kupata Jumanne, utadhani ni ziwa lingine.

Tatizo halisi la boti nyingi linaanza baada ya samaki kunasa. Gaa mkubwa anaweza kukimbia na mita 100 za mshipi, na mshipi huo ukivuka njia ya boti zinazokwenda kasi, hautadhuru samaki tu. Unaweza kumkata mtu shingoni akiwa juu ya pikipiki ya majini, au ukajiviringisha kwenye panga la injini ya jirani. Tia nanga nje ya njia kuu, ndani ya kona ya ghuba. Funga nanga mbele ya boti na kamwe si nyuma, kwani mawimbi ya boti kubwa yakipiga nyuma iliyolemewa na injini huijaza boti ndogo kwa muda mfupi kuliko unavyoweza kuchota. Samaki akikimbia, shusha ncha ya fimbo karibu na maji ili mshipi uzame, na mtoto mmoja asimame ndani kabisa ya boti akipunga kitambaa kwa wanaokaribia. Sheria ya Texas inawataka waendeshao pikipiki za majini wapunguze mwendo kabisa wanapokuwa ndani ya futi 50, kama mita 15, kutoka boti nyingine, mtu au ufuko, lakini usijenge usalama wako juu ya kudhani kwamba kila mmoja anaijua.

Nije kwenye waliyokuambia wenzako. Kwamba gaa huuma watu ni habari ya zamani sana, na pamoja na umri wake hakuna shambulio la gaa dhidi ya mtu lililothibitishwa. Mkono wako unaweza kukatwa wakati wa kutoa ndoana, hilo ni kweli, na mkia wake unaweza kukuvunja kidole ndani ya boti, lakini huo ni ugomvi ulioanzishwa na wewe. Kwamba anawamaliza samaki wazuri pia si kweli kwa namna wanavyosema. Uchunguzi wa matumbo ya gaa huonyesha zaidi samaki wa kundi kama shadi, ambao ni wa ukoo mpana mmoja na dagaa wa kwenu, pamoja na karpi na chochote kilichokufa kinachoelea. Chuki hiyo iliwahi kuwa sera ya serikali. Katika miaka ya 1930 idara ya samaki ya Texas ilitengeneza boti ya kuua gaa kwa umeme, na majimbo mengi yakawaangamiza kwa miongo kadhaa. Leo gaa mamba wametoweka au kupungua sana katika sehemu kubwa ya kaskazini mwa eneo lao la asili, na katika Oklahoma kipo kituo cha Tishomingo kinachowazalisha ili warudishwe mitoni.

Kuwarudisha si kazi nyepesi, na sababu yake inaeleza ukali wa sheria. Jike la gaa mamba huchukua kama miaka 10 kukomaa, na hata akikomaa hutaga vizuri pale tu mto unapofurika na kufunika majani ya kando kwa siku za kutosha. Mwaka usio na mafuriko, vifaranga ni haba. Wanaolijua Texoma wanakumbuka miaka ya 2007 na 2015, maji yalipopita juu ya njia ya kumwagia ya bwawa. Watu walipoteza mali, na gaa wakapata uwanja wa kutagia. Ndiyo maana tangu mwaka 2009 Texas inaruhusu kuchukua gaa mamba 1 tu kwa siku, na ukimchukua unatakiwa kuijulisha idara ya wanyamapori ndani ya saa 24. Kanuni za Texas zimewahi pia kukataza kuwavua mwezi mzima wa Mei ndani ya Hifadhi ya Hagerman na kati ya daraja la barabara ya 377 na lile la barabara ya 35, kwa hiyo soma toleo la mwaka huu kabla ya kutia chambo. Na ushauri wa kumuua na kumtupa ufukweni, ndugu yangu, unaweza kukufikisha mahakamani, kwa sababu sheria ya Texas inakataza kuacha samaki anayelika afe bila nia ya kumtumia kwa chakula au chambo.

Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya maji ya Texoma iko Oklahoma, na mpaka hauna uzio. Leseni ya Texas pekee haikufikishi kila mahali; ipo leseni maalumu ya Ziwa Texoma inayokubaliwa pande zote mbili, nayo ndiyo itakayokupa utulivu. Wanao, kwa umri wao, hawahitaji leseni.

Je, wanalika? Nyama inalika, mayai hayaliki hata kidogo. Wenzako wamechanganya hivyo viwili. Mayai ya gaa yana sumu ya protini inayowadhuru wanadamu, mbwa, paka na kuku pia, na kwa kuwa sisi ni watu wa kukaanga mayai ya samaki bila kuuliza, nalisema hili kwa mkazo. Jike likiwa na mayai, toa tumbo lote bila kulipasua, lifunge, litupe mahali ambapo mnyama hatalifikia, kisha osha kisu na ubao kabla ya kugusa minofu. Nyama yenyewe ni nyeupe na ngumu kidogo, na iliyo bora ni minofu miwili mirefu inayokaa juu ya uti wa mgongo. Kisu cha kawaida hakipiti kwenye magamba. Watu hutumia shoka dogo au mkasi wa kukatia bati, wakapasua mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani. Huko Louisiana huisaga na kutengeneza vibonge vya kukaanga, navyo mtu aliyezoea kababu hatavikataa. Kwa maoni yangu mle wa kimo cha kati wa aina zilizo nyingi, kama mdomo-mrefu, na mwache gaa mamba mkubwa aende, kwanza kwa ajili ya ziwa na pili kwa ajili ya afya zenu, kwa sababu samaki mlaji wa samaki aliyeishi miaka mingi hukusanya zebaki mwilini. Idara ya afya ya Texas hutoa maonyo kwa kila eneo la maji, na kwa sehemu za Mto Trinity, ulio karibu nanyi, maonyo hayo ni mazito kutokana na kemikali za viwandani zilizobaki mtoni. Yaangalie kabla ya kupika, hasa kwa watoto na mama mjamzito.

Ukiamua kumrudisha, kumbuka lile pafu. Watu humshikilia samaki chini ya maji wakidhani wanamhurumia. Gaa aliyechoka katika maji ya Agosti, akizuiwa kufika juu, hufa maji kama wewe na mimi. Mwache achukue hewa wakati mnavutana, usimfunge ndani ya wavu uliozama, na fanya mchezo uwe mfupi kwa kutumia mshipi wenye nguvu. Samaki wa zaidi ya mita 1 asiingizwe ndani ya boti yenye watoto. Mtilie kitanzi laini nyuma ya mapezi ya ubavuni, mfunge kando ya boti, toa ndoana kwa koleo refu ukiwa na glavu, umwache. Ikiwa ndoana imeingia kooni, kata waya karibu nayo badala ya kuichimbua. Na mkitoka majini, mwageni maji yote ya boti na ndoo za chambo hapohapo gatini. Kome wa pundamilia, wageni waharibifu wanaosafirishwa na maji hayo, waligunduliwa kwa mara ya kwanza katika Texas kwenye ziwa hilihili mwaka 2009, na sheria inataka boti isitoke na maji.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kwa safari ya kwanza ya kumtafuta gaa mamba, mlipe nahodha mzoefu wa ziwa hilo kwa nusu siku, utazame mikono yake. Itakugharimu, lakini itakuepusha na makosa ambayo hufanyika karibu na meno. Kanuni ikikuchanganya, mpigie afisa wa wanyamapori wa wilaya, kwani kuulizwa ni sehemu ya kazi yake. Mtu aliyekatwa na meno au magamba ya gaa aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni papo hapo, na likivimba, wekundu ukisambaa au homa ikaja, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa maji ya joto yana vijidudu vinavyoenda haraka mwilini. Ndoana iliyoingia karibu na jicho isiguswe na yeyote ila daktari. Na mtu yeyote akila mayai ya gaa, hata kidogo na hata kabla ya kutapika, pigeni simu ya kituo cha sumu, 1-800-222-1222, ambayo hupokelewa saa 24 kote Marekani. Akiishiwa nguvu au kushindwa kupumua vizuri, pigeni 911.

Kuhusu kuogelea, waache waogelee, lakini mahali palipotengwa kwa boya ambapo boti haziingii, na kamwe wasirukie majini kutoka kwenye boti iliyotiwa nanga katikati ya ghuba siku ya Jumamosi. Gaa atawapisha. Kijana wa mwendo kasi anayetazama nyuma kumwangalia mwenzake anayeburutwa kwa kamba huenda asiwaone kabisa. Wa miaka 9 sheria inamlazimisha kuvaa jaketi okozi muda wote boti inapokwenda. Wa miaka 13 amevuka umri huo kwa mwaka tu, avae vilevile, na wewe uvae, kwa sababu samaki wa kilo 60 akivuta, anayesimama ukingoni na fimbo mkononi ni wewe.